Jua Nani Ameamua: Hotuba kwa Wanaoishi Chini ya Serikali ya Marekani

Wazee wetu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari, asanteni kwa kuitikia wito. Najua wengine mmetoka kazini sasa hivi, na wengine zamu yenu ya ghalani inaanza usiku huu huu. Kwa hiyo salamu nizikate hapo, tuingie kwenye shughuli.

Kazi yangu ni ukalimani. Kwa miaka yote niliyoifanya hapa Columbus, swali linalonijia kuliko mengine ni hili: "Serikali inasemaje?" Mtu ananishikisha bahasha, anauliza hivyo. Bahasha moja imetoka kaunti, nyingine imetoka jimbo la Ohio, nyingine imetoka Washington, na kwake yeye zote zimeandikwa na mkono mmoja. Simlaumu. Wengi wetu tumekulia katika nchi ambako Rais anamteua mkuu wa mkoa, anamteua na mkuu wa wilaya, na neno likishatoka juu linashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Ndugu zetu wa Kenya wana magavana 47 wa kuchaguliwa chini ya katiba ya 2010, lakini hata kwao polisi ni wa taifa na mahakama ni za taifa. Hapa Ohio ina katiba yake, bunge lake lenye mabaraza mawili, Mahakama ya Juu yake, polisi wake wa barabara kuu na magereza yake. Gavana wa Ohio hakuwekwa na Rais, na Rais hawezi kumtoa hata wakosane namna gani.

Nililokuja kusema leo ni kwamba madaraka ya nchi hii yaligawanywa kwa makusudi. Asiyejua nani ameshika kipande gani atalalamika kwenye dirisha lisilohusika, atamshukuru asiyemtendea jambo, na siku akipata kura atamrudisha madarakani yule yule aliyemuumiza.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho aende katikati ya mji wetu. Jengo la bunge la jimbo, Statehouse, liko pale Broad Street inapokutana na High Street. Shuka na Broad kuelekea mtoni, utaikuta City Hall, kwa meya. Hapo jirani, Marconi Boulevard, ndiko iliko mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Washington. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Majaji wa ile mahakama ya Marconi hawapokei amri kutoka Statehouse, na wabunge wa Statehouse hawamngoji Rais awaambie shule za Ohio zifundishe nini.

Nichukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mwaka jana mama mmoja aliniomba nimsindikize ofisi ya kaunti. Alikuwa mkimbizi ambaye grini kadi yake, ile ya ukaazi wa kudumu, bado haijatoka. Alikwenda kuhuisha kadi ya chakula, ile ya SNAP, akaambiwa hana haki tena. Alitaka kumjua karani aliyemfanyia ubaya, na alikuwa amejiandaa kwa maneno makali.

Fedha za kadi ile zinaidhinishwa na Bunge la Marekani, Congress. Masharti yake yanasimamiwa na Wizara ya Kilimo kule Washington. Jimbo ndilo linaloendesha mpango wenyewe, na Ohio imeziachia kaunti kazi ya kupokea maombi, kufanya mahojiano na kukagua hati za mishahara. Karani tuliyemkuta dirishani ni mtu wa mwisho kabisa katika mlolongo huo. Hana uwezo wa kumpa asiyestahili kwa sheria, wala wa kumnyima anayestahili. Aliyeamua ni Congress. Sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa na Rais tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi mpaka watakapopata ukaazi wa kudumu.

Na ilipitaje? Tarehe 1 Julai, katika Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Congress, kura zilifungana 50 kwa 50. Katiba inasema Makamu wa Rais ndiye mwenyekiti wa Seneti, na hana kura ila pale zinapolingana. Makamu wa Rais JD Vance, mzaliwa wa Ohio hii hii, akapiga kura ya 51. Siku mbili baadaye Baraza la Wawakilishi likaipitisha kwa 218 dhidi ya 214. Kura chache tu zingegeuka, sheria ile isingepita vile. Nilipomaliza kumweleza yule mama alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Na mbunge wa kwetu alipiga upande gani?" Ndugu zangu, nilifurahi sana kulisikia swali hilo, maana kura ya kila mbunge imeandikwa na iko wazi kwa anayeitaka.

Hapo pana jambo ambalo vijana watalikuta kwenye habari kila wiki. Seneti ina watu 100, wawili kwa kila jimbo, liwe California yenye watu wengi kuliko majimbo yote au Wyoming yenye wachache kuliko yote. Mtu angedhani 51 wanatosha kupitisha lolote. Kwa miswada mingi hawatoshi, kwa sababu kufunga mjadala kunahitaji kura 60. Sharti hilo la 60 halimo katika Katiba. Ni kanuni ya Seneti yenyewe, na idadi ya 60 waliiweka mwaka 1975. Ila kuna njia maalumu ya miswada ya bajeti ambayo haihitaji 60, na ndiyo iliyotumika Julai ile. Kwa hiyo ukisikia chama chenye wengi kimeshindwa kupitisha kitu, usikimbilie kusema ni uzembe. Mara nyingi ni ile 60.

Congress imewekwa katika ibara ya kwanza ya Katiba, kabla ya Rais, na nadhani waandishi walijua walichokifanya. Congress ndiyo yenye mfuko. Hakuna senti inayotoka hazina ya taifa bila sheria ya Congress kuitenga. Mwaka wa fedha wa serikali ya shirikisho unaanza tarehe 1 Oktoba, na siku hiyo ikifika hakuna sheria ya matumizi, ofisi zinafungwa. Mwaka 2025 mliliona wenyewe. Serikali ilifungwa tangu tarehe 1 Oktoba mpaka 12 Novemba, siku 43, muda mrefu kuliko wakati wowote kabla yake. Walinzi wa viwanja vya ndege walikuwa kazini bila mshahara. Novemba ilipoingia, watu wengi nchini waliangalia kadi zao za chakula wakakuta hakuna salio jipya. Wakati huo huo shule za watoto wetu zilikuwa wazi, polisi wa mji walikuwa kazini, takataka zilizolewa. Mbona? Kwa sababu hizo ni kazi za jimbo na mji, zenye fedha zao na kodi zao. Aliyekuwa anajiuliza serikali gani inafanya nini, siku zile 43 zilimjibu waziwazi.

Sasa tumfikie Rais, ambaye sisi humtazama kuliko wote. Ana nguvu kubwa. Ni amiri jeshi mkuu, anateua mawaziri na majaji wa shirikisho kwa idhini ya Seneti, anaweza kuukataa muswada kwa kura ya turufu, na hapo Congress inahitaji theluthi mbili za kila baraza ili kumshinda. Anaposaini amri ya kiutendaji mbele ya kamera, inaonekana kama sheria imezaliwa pale mezani. Lakini amri hiyo inasimama tu ikiwa nyuma yake ipo Katiba au sheria iliyompa Rais uwezo huo.

Mfano mzuri kuliko yote unabeba jina la mji wa Ohio. Aprili 1952, wakati wa vita vya Korea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa karibu kugoma. Rais Harry Truman aliona jeshi litakosa chuma, akasaini amri serikali ivichukue viwanda. Makampuni yakaenda mahakamani, na kesi ikaitwa kwa jina la kampuni ya Youngstown. Tarehe 2 Juni, Mahakama ya Juu ikaamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba Rais hana uwezo huo, kwa sababu Congress haikumpa. Vita vilikuwa vinaendelea, na Truman alikuwa na jeshi lote chini yake. Alivirudisha viwanda. Sisi tuliotoka mahali ambako hukumu dhidi ya mkubwa inaweza kubaki karatasi tu, tuielewe vizuri siku ile ilikuwa na uzito gani.

Lakini nisiwadanganye kwamba Rais amefungwa mikono kila mahali. Mahali pengine Congress yenyewe imempa uhuru mpana, na mojawapo ni jambo linalotuumiza sisi moja kwa moja. Sheria ya Wakimbizi ya 1980 inasema Rais, baada ya kushauriana na Congress, ataweka kila mwaka idadi ya juu ya wakimbizi watakaopokelewa. Kushauriana, si kupigiwa kura. Kwa mwaka wa fedha 2025 idadi iliyowekwa ilikuwa 125,000. Januari 2025, Rais mpya akausimamisha mpango. Kwa mwaka wa fedha 2026 idadi ikawekwa 7,500. Ndugu zetu Wakongo, ambao mwaka wa fedha 2024 ndio waliotangulia kwa wingi katika waliopokelewa, wana wazazi na watoto waliokwisha kufanya usaili na kupimwa afya, wakabaki makambini Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Hakuna kura ya Bunge iliyohitajika. Wakati mwingine tukizungumza na wabunge wetu kuhusu wakimbizi, tusiishie kuwaomba huruma. Tuwaambie sheria ya 1980 ni yao, na wanaweza kuibadilisha.

Linganisheni na uraia. Kwamba mwenye grini kadi asubiri kwa kawaida miaka mitano ndipo aombe uraia, hilo limeandikwa katika sheria ya Congress. Rais anayewapenda wageni hawezi kuifanya miwili, na asiyewapenda hawezi kuifanya kumi. Kilicho mikononi mwa watu wake ni namna ya kushughulikia maombi, kasi yake, na mtihani. Ndiyo maana mtihani ulibadilika: waliowasilisha maombi tangu tarehe 20 Oktoba 2025 wanajifunza maswali 128, wanaulizwa mpaka 20, na lazima wapate 12. Waliotangulia wanabaki na yale 100 ya zamani. Tafadhali msibadilishane madaftari bila kuangalia tarehe ya maombi.

Mahakama, sasa. Jaji wa shirikisho akishaidhinishwa na Seneti anakaa mpaka afe, astaafu kwa hiari yake, au Congress imwondoe kwa makosa makubwa. Mshahara wake haupunguzwi akiwa kazini. Mahakama ya Juu ina majaji tisa tangu 1869, na tangu kesi ya Marbury dhidi ya Madison ya mwaka 1803 imeshika uwezo wa kuifuta sheria inayopingana na Katiba. Hayo mtayakuta kwenye kijitabu cha uraia, sina haja ya kuyarefusha.

Nitakalolirefusha ni hili lisilokuwemo kwenye kijitabu. Wengi wenu mmesimama, au mtasimama, mbele ya jaji wa uhamiaji kule Cleveland. Chumba kina bendera, kuna kiti cha juu, mtu amevaa joho jeusi, mnaambiwa msimame. Kila kitu kinasema hii ni mahakama kama zile nyingine. Lakini jaji yule hayumo katika mhimili wa mahakama. Ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria, chini ya Mwanasheria Mkuu, ambaye ni waziri wa Rais. Hana ulinzi wa kukaa maisha, na wizara inaweza kumwachisha kazi. Anayekushitaki naye anatoka Wizara ya Usalama wa Ndani, ambayo pia iko chini ya Rais huyo huyo. Sisemi majaji wale hawana haki mioyoni mwao. Nimekalimani mbele ya watu waangalifu sana pale. Nasema ujue umesimama katika mhimili gani. Katika kesi ya jinai, asiye na uwezo analipiwa wakili na serikali. Kwenye mahakama ya uhamiaji una haki ya kuwa na wakili, ila umlipe mwenyewe au umpate wa msaada.

Ukishindwa pale, rufaa ya kwanza inakwenda kwenye bodi iliyo ndani ya wizara ile ile. Ukishindwa na huko, ndipo unapofika kwa majaji wa kweli wa mhimili wa tatu, wale wa maisha: Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Sita, iliyoko Cincinnati. Una siku 30 za kupeleka ombi lako huko. Nimewaona watu waliokata tamaa baada ya barua ya bodi, wakaiweka kabatini, siku 30 zikapita. Wakili wao hakuwaeleza, au hawakuwa na wakili. Ukipokea barua ile, itafute tarehe iliyoandikwa juu yake kabla ya jambo lingine lolote.

Nirudi kwenye majimbo, maana hapo ndipo watu wanapoumia zaidi bila kujua.

Majimbo yalikuwepo kabla ya Washington. Makoloni 13 yalipojitoa kwa Uingereza, kila moja lilikuwa na serikali yake. Muungano wao wa kwanza, uliokamilika mwaka 1781, ulikuwa dhaifu kiasi kwamba Bunge la pamoja halikuweza kutoza kodi, lilibaki kuyaomba majimbo. Mwaka 1786 wakulima wenye madeni wa Massachusetts wakashika silaha, na wenye nchi wakaogopa. Majira ya joto ya 1787 wajumbe 55 walikutana Philadelphia, na tarehe 17 Septemba 39 kati yao wakatia saini Katiba tunayoishi chini yake. Walikubaliana kuipa serikali ya shirikisho kazi zilizotajwa: vita, sarafu, posta, biashara baina ya majimbo, sheria za uraia. Marekebisho ya Kumi ya Katiba, ya 1791, yakasema ambayo hayakupewa shirikisho wala kukatazwa majimbo yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ndiyo sababu leseni ya udereva, ndoa, talaka, shule, ardhi na kesi nyingi za jinai unazimaliza hapa Ohio.

Watu wale wale wa Philadelphia walikubaliana pia kuwahesabu Waafrika waliokuwa watumwani kwa tatu ya tano katika kugawa viti vya Bunge, ili mabwana zao wapate wabunge wengi zaidi, bila wao wenyewe kuwa na kura. Siwezi kuisifu Katiba hii mbele yenu nikalipita hilo kimya. Ilichukua vita vya wenyewe kwa wenyewe na Marekebisho ya 13, 14 na 15, yale yaliyofuta utumwa na kuwapa watu weusi uraia na kura, kuanza kuinyoosha.

Kwa kuwa serikali ni mbili, sheria zake mbili zinaweza kupishana, na anayekanyagwa katikati mara nyingi ni mgeni. Tarehe 7 Novemba 2023 wapiga kura wa Ohio walikubali bangi iwe halali kwa mwenye miaka 21 na zaidi, na ikawa hivyo kuanzia tarehe 7 Desemba. Maduka yako wazi, yana taa na maegesho, polisi wa Columbus hakugusi. Lakini sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 bado inaihesabu bangi kuwa dawa iliyodhibitiwa, na uhamiaji wote ni mambo ya shirikisho. Afisa wa uraia akikuuliza chini ya kiapo kama umewahi kutumia, anakuuliza kwa sheria ya Washington. Ukisema ndiyo, hata kama hukuwahi kukamatwa, anaweza kukuhesabu huna mwenendo mwema na kulikataa ombi lako. Kufanya kazi kwenye duka la bangi kunaweza kukuletea shida hiyo hiyo. Ukisema uongo, umeongeza kosa jingine kubwa zaidi. Kijana wa Kimarekani aliyekaa nawe darasani atakwambia ni halali, na kwake yeye hana la kuogopa. Wewe mwenye grini kadi uko chini ya sheria mbili kwa pamoja. Wazazi, hili liwekeni wazi nyumbani wiki hii, msingoje mtoto atimize miaka 21.

Kuna njia nyingine Washington huifikia Ohio bila kuiamuru, nayo ni fedha. Hakuna sheria ya shirikisho inayomkataza mtu wa miaka 19 kunywa bia. Mwaka 1984 Congress ilisema tu kwamba jimbo litakaloruhusu kuwauzia walio chini ya miaka 21 litakatwa sehemu ya fedha zake za barabara kuu. South Dakota ikashitaki, ikashindwa Mahakama ya Juu mwaka 1987. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yameweka 21. Ukisikia gavana na Rais wanagombana, uliza kwanza kama mle ndani kuna ruzuku inayotishiwa kukatwa. Mara nyingi imo.

Na yako mambo ambayo jimbo halina kauli tena. Septemba 1957, gavana wa Arkansas, Orval Faubus, aliweka askari wa jimbo kwenye shule ya Central High mjini Little Rock kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie, ingawa Mahakama ya Juu ilikwishaamua mwaka 1954 kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Rais Dwight Eisenhower aliwatoa askari wale mikononi mwa gavana akawaweka chini yake mwenyewe, kisha akatuma wanajeshi wa kikosi cha 101. Wale watoto tisa waliingia darasani wakisindikizwa na jeshi la Marekani. Katika haki za msingi, sheria ya shirikisho iko juu.

Haki hizo si za raia peke yao. Miaka ya 1880, huko San Francisco, wafua nguo wa Kichina wapatao 200 walinyimwa vibali huku wasio Wachina karibu wote wakipewa. Wachina wale hawakuwa raia. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba Marekebisho ya 14 yanamlinda kila mtu aliye ndani ya nchi. Hukumu hiyo bado inatumika leo.

Sasa nieleze milango miwili ambayo watu wetu hawaigongi.

Wa kwanza ni ofisi ya mbunge. Ohio ina wabunge 15 katika Baraza la Wawakilishi, kati ya 435, na kila mmoja anawakilisha watu karibu 787,000. Wanaohesabiwa ni wakaazi wote, si raia tu, kwa hiyo wewe uliyejaza fomu ya sensa ya 2020 umo katika hesabu ya kiti chake. Kila mbunge na kila seneta ana ofisi hapa jimboni yenye wafanyakazi ambao kazi yao ni kuwafuatilia wakaazi mambo yaliyokwama katika ofisi za shirikisho: maombi ya uhamiaji, pasipoti, kodi ya IRS, malipo ya Social Security, yale ya uzeeni na ulemavu. Hawaombi cheti cha uraia, na huduma ni ya bure. Unapiga simu au unakwenda, unasaini fomu ya kuruhusu waangalie faili lako, unawapa nambari yako ya maombi, ile yenye herufi tatu na tarakimu kumi. Hawawezi kumwamuru afisa akupitishe, wala hawaingilii kesi iliyo mbele ya jaji. Wanachoweza ni kuuliza kwa maandishi, na ofisi ya shirikisho ikiulizwa na Congress hujibu, kwa sababu Congress ndiyo inayowapa bajeti. Nimeona faili lililolala muda mrefu likipata jibu. Msiende na shida ya BMV, ofisi ya leseni za udereva, huko; hiyo ni ya jimbo. Kwa hiyo mtafuteni mbunge wa Ohio anayekaa Statehouse.

Mlango wa pili ni maoni ya umma. Wizara ya shirikisho ikitaka kubadilisha kanuni, sheria ya mwaka 1946 kwa kawaida inaitaka itangaze rasimu na kupokea maoni, mara nyingi kwa siku 30 au 60. Mtu yeyote anaweza kuandika, raia au asiye raia. Wizara ikipuuza hoja nzito, mahakama inaweza kuifuta kanuni kwa sababu hiyo. Kinachofaa ni barua inayosema kanuni itakudhuru vipi, kwa mfano wa maisha yako. Barua elfu zilizonakiliwa neno kwa neno hazina uzito huo. Tukiandika pamoja hapa Jumamosi, mimi na wakalimani wenzangu tutawatafsiria.

Mwisho ni kura, na hapa nawaomba masikio yote. Asiye raia haruhusiwi kupiga kura ya shirikisho, na asijiandikishe kamwe. Sheria ya 1993 inaitaka ofisi ya leseni imuulize mteja kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Karani wa BMV anauliza haraka haraka, wewe unatikisa kichwa kwa adabu, unasaini. Tayari umetamka kwamba wewe ni raia, na hilo peke yake linaweza kukutoa katika nchi hii. Jibu ni "No", kwa sauti, na usome kabla ya kusaini. Aliyekwishafanya hivyo kwa kutojua asiende kupeleka ombi la uraia kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji.

Wenye uraia, kazi ni yenu. Tarehe 3 Novemba 2026 jina la Rais halitakuwemo kwenye karatasi. Yatakuwemo majina ya wanaotaka ugavana wa Ohio, wabunge wote 15, wabunge wa Statehouse, majaji wa jimbo. Kitakuwemo pia kiti cha Seneti alichokiacha Vance alipochaguliwa kuwa Makamu wa Rais. Januari 2025 gavana Mike DeWine ndiye aliyemteua Jon Husted kukikalia, kwa mujibu wa Marekebisho ya 17, na sasa wananchi wanaamua nani amalizie muda uliobaki. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ni tarehe 5 Oktoba. Fomu ziko maktaba ya mtaa wako, na nyingine ziko kwenye meza ile pale mlangoni, kwa raia tu.

Maswali sasa. Tuanze na wazee.